Muonekano na uhalisia kwenye Macbeth: jinsi ya kuandika esei yako hatua kwa hatua

Kama swali linakuruhusu uchague tanzia yoyote ya Shakespeare kwa dhamira hii ya muonekano na uhalisia, chagua Macbeth, usihangaike. Hamlet ni tamu lakini ndefu mno, utazama humo usitoke, Othello nayo nzuri ila uongo karibu wote kaubeba mtu mmoja, Iago, kwa hiyo ukishamaliza kumchambua yeye unabaki unatafuta cha kusema. Macbeth ndo fupi kuliko tanzia zake nyingine zote alafu humo ndani kila mtu anavaa sura isiyo yake, wabaya kwa wema, mpaka miti inahusika, utaona huko mbele.

Sasa shida ya esei nyingi za dhamira hii ni moja. Mtu anaandika aya ya kwanza Macbeth alionekana shujaa mtiifu kumbe msaliti, aya ya pili mkewe alionekana mwenyeji mkarimu kumbe muuaji, aya ya tatu wachawi walionekana wanamsaidia kumbe wanamdanganya, hitimisho tusihukumu watu kwa sura zao, kwaheri. Hiyo ni orodha, hamna hoja hapo. Na hiyo aya ya tatu yenyewe ina kasoro, maana ukiwafuatilia wale wachawi neno kwa neno hakuna walichokisema ambacho hakikutokea. Wameahidi ufalme, kaupata. Wamesema hatadhurika na mtu aliyezaliwa na mwanamke, na kweli hakudhurika na wa aina hiyo. Kwa hiyo mtu mwongo zaidi kwenye hii tamthilia anaangushwa na maneno ya kweli, na ukiishika hiyo tu ushapata cha kuandika.

Kabla hatujaanza: nikiandika 1.4 namaanisha tendo la 1 onyesho la 4, na maneno ya wahusika ntayaweka kwa Kiswahili changu ili twende haraka, we kwenye esei yako tumia nakala unayosomea.

Hatua ya 1: Soma na penseli, tafuta uso

Usisome ukitafuta "muonekano na uhalisia" maana hutaikuta imeandikwa hivyo popote. Tafuta vitu vya kushikika. Kila mtu anapotaja uso, jicho, tabasamu, nguo, barakoa, giza au taa, piga mstari. Utashangaa wingi wake. Tendo la kwanza peke yake unakutana na mfalme anayelalamika kwamba nia ya mtu haisomeki usoni, mke anayemwambia mumewe uso wake ni kama kitabu na watu watausoma, mume anayeziambia nyota zifiche moto wao ili mwanga usione tamaa zake, Macbeth anauliza kwa nini wanamvisha nguo za kuazima, na mwisho wa 1.7 anafunga kwa kusema uso wa uongo lazima ufiche kile moyo wa uongo unachokijua. Yote hayo hata damu ya mfalme haijamwagika bado.

Ukisikia mtu anasema anza na ule mstari wa wachawi wa 1.1, kwamba kizuri ni kibaya na kibaya ni kizuri, sio vibaya ila kila mtu anaanza nao. Kuna kitu kizuri zaidi pale pale jirani: maneno ya kwanza kabisa ya Macbeth akiingia 1.3 anasema hajawahi kuona siku mbaya na nzuri kama hii. Yeye hajakutana na wachawi bado, hajawasikia, lakini maneno yao tayari yako mdomoni mwake. Hiyo kwoti ina kazi kubwa kuliko ile ya kwanza kwa sababu inakuuliza swali, huo mchanganyiko umetoka kwa wachawi au ulikuwa ndani yake siku zote.

Hatua ya 2: Kila tukio liulize "nani anajua, nani hajui"

Hapa ndo kazi ilipo. Kwenye jukwaa muonekano haufanyi kazi bila mtu wa kudanganyika na mtu wa kuona anavyodanganyika, na huyo wa pili mara nyingi ni sisi tuliokaa kwenye viti. Walimu wanaita kinaya cha kidrama. Usiandike tu neno lenyewe ukapita, onyesha kinavyofanya kazi.

Chukua 1.4. Mfalme Duncan kapokea habari kwamba yule mkuu wa Cawdor aliyemsaliti keshauawa, anasema hakuna ufundi wa kuusoma moyo wa mtu usoni kwake, yule bwana nilimjengea imani yangu yote. Na kabla hajamaliza hata pumzi, nani anaingia? Macbeth. Tena Macbeth ambaye keshapewa cheo kile kile cha Cawdor, na ambaye onyesho moja nyuma tumemsikia mawazo ya kuua yanampitia kichwani mpaka nywele zinamsimama. Duncan anamgeukia anamwambia we ndugu yangu mwenye kustahili kuliko wote, sina hata cha kukulipa.

Angalia ufundi wa hapo. Mfalme sio mjinga, katoka kusema yeye mwenyewe kanuni sahihi, uso hausomeki, kisha sekunde hiyo hiyo anausoma uso wa mtu mwingine na kuukosea. Mtu anaweza kuijua kanuni na bado ikamshinda akiletewa sura ya mtu anayempenda. Ukiandika hivyo umeacha kusema "Duncan alidanganywa" na umeanza kusema kwa nini hakuwa na jinsi.

Alafu nenda 1.6, wanafika kwenye ngome ya Macbeth. Duncan anasifia hewa, anasema mahali hapa pametulia. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anaongezea kwamba mbayuwayu wamejenga viota kila kona, na ndege hao hupenda kuzaliana penye hewa safi. Wewe umetoka 1.5 ambako mke wa Macbeth amesema hata kunguru amepwelewa sauti kwa kutangaza mgeni anaingia kufa chini ya ngome yake. Nyumba moja, ndege wawili. Duncan na Banquo wanamwona mbayuwayu, sisi tuna kunguru masikioni. Hapo huhitaji kueleza sana, waweke hao ndege wawili pamoja kwenye sentensi moja na msomaji wako ataona mwenyewe.

Hatua ya 3: Panga kwa mwendo, usipange kwa mhusika

Ukipanga mhusika mmoja mmoja utarudi kwenye ile orodha. Panga kwa kufuata kinachobadilika. Hawa mke na mume wanapishana njiani kama ifuatavyo.

Macbeth mwanzoni hajui kuficha. Akisikia unabii anashtuka mpaka Banquo anauliza mbona unaogopa habari nzuri hivi. Mkewe anamwambia uso wako unasomeka, fanana na ua lisilo na hatia ila uwe nyoka aliye chini yake. Yaani anafundishwa. 2.2 bado hajaiva, katoka na majambia mkononi anasahau kuyaacha chumbani kwa walinzi. Tendo la 3 keshafuzu. Anamwalika Banquo kwenye karamu kwa heshima zote, anamuuliza kama mzaha unasafiri mchana huu? ni mbali? mwanao Fleance anaenda na wewe? na kila swali ni la mtu anayepanga wauaji wakae wapi. Na mkewe sasa naye anafichwa, 3.2 anamuuliza kuna nini kifanyike, anajibiwa we usijue mpenzi wangu, utashangilia baadae. Mwanafunzi kamzidi mwalimu na mwalimu kawekwa nje ya mlango.

Mke anaenda upande wa pili. Anaanza akiwa fundi kabisa, anasema maji kidogo tu yatatusafisha na tendo hili. Anaishia 5.1 anatembea usingizini na taa mkononi, ananawa mikono isiyo na kitu, na analalamika manukato yote ya Uarabuni hayawezi kukitia harufu nzuri kiganja chake kidogo. Daktari anasema tazameni, macho yake yako wazi. Mhudumu anajibu ndiyo, lakini hayaoni. Mwanamke aliyefundisha uso kufunga siri, sasa siri inatoka yenyewe na uso haujui kama unatazamwa.

Ukiwa na mistari hii miwili inayopishana, ushapata umbo la esei nzima. Mmoja anazidi kufunga, mwingine anapasuka.

Hatua ya 4: Andika hoja yako kwa sentensi moja kabla ya kuandika kitu kingine

Mfano wa sentensi ninayoipendekeza, ibadilishe ifanane na wewe: *Macbeth anajifunza kuifanya sura yake iseme uongo, na kadiri anavyofaulu ndivyo anavyopoteza uwezo wa kusoma ukweli unaowekwa mbele ya macho yake mwenyewe.* Hii inakupa sababu na matokeo, na inakulazimisha kufika mpaka tendo la 5 badala ya kuishia kwenye mauaji ya Duncan kama wengi wanavyofanya.

Na tafadhali usifungue na methali. Najua mkono unawasha kuandika uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, au kikulacho ki nguoni mwako. Ya pili inamfaa Duncan kidogo, sawa. Lakini ya kwanza haimfai Macbeth hata kidogo, ndani yake hakuna mti mkavu, kuna dhamiri inayopiga kelele usiku kucha, na ndo maana tunakaa kumsikiliza. Kama ndani angekuwa mtupu isingekuwa tanzia.

Hatua ya 5: Chagua tukio moja ulichambue mpaka mfupa

Esei inayogusa matukio kumi na mbili juu juu inapata alama za kawaida. Chagua moja uzame. Mi nashauri 2.3, asubuhi maiti inapogunduliwa, na ntakuonyesha cha kutoa humo.

Macduff, mmoja wa wakuu wa Scotland, anatoka chumbani kwa mfalme anapiga kelele za kuamsha watu. Lady Macbeth anatokea anauliza kuna nini. Macduff anamwambia mama mpole, haya sio ya masikio yako, mwanamke akiyasikia yatamuua. Anamwambia hivyo mtu aliyerudisha majambia chumbani na kuwapaka walinzi damu usoni kwa mikono yake, na kabla ya hapo alisema atawapaka kama anapaka dhahabu. Kisha anapoambiwa mfalme kauawa anasema: ole, jamani, ndani ya nyumba yetu? Banquo anamjibu kwa maneno mawili matatu tu, ni ukatili popote pale. Hapa simama. Hilo "ndani ya nyumba yetu" ni jibu la mwenyeji anayeona aibu, limeteleza kidogo, limetangulia kuifikiria nyumba badala ya mtu aliyekufa, na Banquo analisahihisha. Kama kashtuka au hajashtuka maandishi hayasemi, lakini kuanzia hapo Banquo ana mashaka na 3.1 anayatamka wazi.

Alafu anaingia Macbeth na hotuba yake. Anasema laiti ningekufa saa moja kabla ya tukio hili ningekuwa nimeishi maisha yenye baraka, maana kuanzia sasa hakuna cha maana duniani, divai ya uhai imemwagwa, yamebaki masimbi. Hiyo ni maigizo mbele ya watu, anajifanya anaomboleza. Lakini isome tena. Kila neno ni kweli kwake. Angekufa saa moja nyuma kweli angekufa mtu mwema, na kuanzia hapo kweli hakuna cha maana kilichobaki, fika 5.5 umsikie anasema maisha ni hadithi inayosimuliwa na mpumbavu, kelele tupu. Kavaa barakoa na barakoa ikawa ndo uso. Watu wa pale wanasikia huzuni ya kweli wakidhani ni ya kumlilia mfalme, yeye anadhani anadanganya, na sisi tu ndo tunaosikia kwamba kasema ukweli bila kukusudia. Ukiweza kuandika aya moja nzuri juu ya hotuba hii esei yako itakumbukwa.

Bado onyesho hilo hilo, Macbeth anakiri kuwaua walinzi kwa hasira, Macduff anauliza kwa nini ulifanya hivyo, swali la hatari kabisa, na pale pale Lady Macbeth anasema nisaidieni nitoke hapa. Anazimia kweli au anamwokoa mumewe? Wasomaji wamebishana miaka na miaka. Usitoe hukumu, we sema maandishi yenyewe yanatuweka sisi kwenye nafasi aliyokuwa nayo Duncan, tunaangalia uso wa mtu na hatuwezi kujua. Mwisho wake Donalbain, mtoto wa Duncan, anamnong'oneza kaka yake Malcolm kwamba hapa tulipo kuna majambia kwenye tabasamu za watu, wanakimbia mmoja Uingereza mwingine Ireland, na kukimbia kwao kunawafanya wasio na hatia waonekane ndo wauaji. Hiyo pia ni ya dhamira yako na wengi hawaigusi.

Hatua ya 6: Wachawi, na kile alichokiona lakini hakukisoma

Banquo alionya mapema 1.3, kwamba vyombo vya giza mara nyingi hutuambia kweli ndogo ndogo ili vitusaliti kwenye jambo kubwa. Kiweke hicho mbele ya aya yako ya wachawi, alafu ruka moja kwa moja mpaka 4.1.

Pale vinatokea vitu vitatu kutoka kwenye chungu. Kwanza kichwa kimevaa kofia ya chuma, kinasema jihadhari na Macduff. Pili mtoto aliyejaa damu, anasema hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru Macbeth. Tatu mtoto amevaa taji na kashika mti mkononi, anasema Macbeth hatashindwa mpaka msitu wa Birnam upande kilima cha Dunsinane. Wanafunzi wengi wanakariri maneno wanasahau picha. Rudi kwenye picha. Anayesema habari za kuzaliwa ni mtoto mwenye damu, na Macduff atakuja kusema 5.8 kwamba yeye alitolewa tumboni mwa mama yake kabla ya wakati kwa kupasuliwa. Anayesema habari za msitu ni mtoto wa kifalme mwenye mti mkononi, na atakayeamuru askari wakate matawi ni Malcolm, mtoto wa mfalme. Jibu liko pale limesimama mbele yake! Na sio kwamba hakuliona, hata anauliza ni nini hiki kinachopanda kama mzao wa mfalme na taji kwenye paji la kitoto? Wachawi wanamjibu sikiliza, usikiseme. Basi anasikiliza. Maneno yanakuja matamu, picha anaiacha.

Huyu ndo yule mtu aliyetumia tendo zima kujifunza kwamba sura na maneno vinaweza kutenganishwa. Anajua hila hiyo kuliko yeyote, na anaingia kwenye hila hiyo hiyo. 5.5 ndo anaanza kushtuka, anasema naanza kushuku maneno ya ndimi mbili ya shetani, adanganyaye kwa kusema kweli. Hiyo kwoti usiiache kwa gharama yoyote.

Hatua ya 7: Jambia na mzimu, kwa ufupi lakini kwa usahihi

Vitu hivi viwili kila mtu anavitaja pamoja kama vile ni kitu kimoja, na sio. Jambia la 2.1 tunamwona Macbeth akiliona, sisi hatulioni. Mzimu wa Banquo 3.4 ni tofauti, chapa ya kwanza ya tamthilia hii, ile ya 1623, ina maelekezo kabisa kwamba mzimu unaingia na kukaa kwenye nafasi ya Macbeth, na mtazamaji mmoja wa London aitwaye Simon Forman aliyeandika alivyoiona 1611 anasema mzimu ulikuja ukakaa kitini. Kwa hiyo kwenye karamu sisi tunaona anachokiona muuaji, wageni wa heshima hawaoni kitu. Tumehamishiwa upande wake bila kuombwa. Hilo linafaa aya fupi.

Na kuna kinaya kitamu hapo: 3.1 Macbeth alimwambia Banquo usikose karamu yetu, akajibu mfalme wangu, sitakosa. Hakukosa.

Hatua ya 8: Usiiruke 4.3

Onyesho hili ni refu, maneno mengi, watu wawili wamesimama wanaongea Uingereza, na kila mtu analiruka. Kosa kubwa. Malcolm anamwambia Macduff kwamba yeye hafai kuwa mfalme, ana tamaa ya wanawake isiyo na mwisho, ana uroho wa mali, hana hata chembe ya sifa za kifalme. Macduff anavumilia, anavumilia, mwisho analia kwamba mtu wa hivyo hafai kutawala, hafai hata kuishi. Hapo Malcolm anageuka: yote niliyosema nayafuta, uongo wangu wa kwanza maishani ni huu niliojisemea mwenyewe.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mtoto wa Duncan anafanya alichoshindwa baba yake. Baba alisema uso hausomeki akaishia hapo. Mtoto anakubali hausomeki, kwa hiyo anaweka mtego wa kumfanya mtu aonyeshe ndani yake. Na anavaa sura mbaya akiwa mwema, kinyume kabisa cha Macbeth. Kwa hiyo huwezi tena kuandika kwamba kwenye tamthilia hii barakoa ni ya watu wabaya, na kama ulishaiandika aya hiyo rudi uifute. Malcolm ana mstari mmoja ambao mi naona ndo mzito kuliko yote ya dhamira hii, anasema hata kama maovu yote yangevaa uso wa wema, wema bado utalazimika kuonekana kama wema. Yaani mtu mwema hana nguo nyingine ya kuvaa ili ajitofautishe na mwongo. Macduff mwenyewe baada ya kufunuliwa anabaki kimya, anaulizwa mbona kimya, anasema mambo mazuri na mabaya kwa pamoja hivi ni magumu kuyapatanisha.

Kisha unganisha na msitu. 5.4 Malcolm anaamuru kila askari akate tawi alibebe mbele yake ili adui asijue idadi yao. Hiyo nayo ni sura ya uongo, jeshi limejifanya msitu. Lakini 5.6, mistari michache tu, wakifika karibu anawaambia tupeni chini hizo ngao za majani, muonekane kama mlivyo. Macbeth alishavaa barakoa hakuwahi kuitupa kwa hiari yake. Malcolm anaivaa kwa kazi na anaitupa akifika. Nimeona watu wanajaza kurasa juu ya ua na nyoka na hawaigusi amri hii.

Hatua ya 9: Historia weka kidogo, pale inaposukuma hoja

Usianze esei na wasifu wa Shakespeare, hamna anayetaka kujua alizaliwa wapi. Ila vitu viwili vinasaidia kweli.

Cha kwanza ni yule mlinzi wa geti wa 2.3, mlevi anayejifanya bawabu wa jehanamu, anamkaribisha mtu wa maneno ya ndimi mbili aliyeweza kuapa pande zote mbili za mizani lakini hakuweza kuichezea mbingu. Watazamaji wa wakati ule walielewa haraka. Novemba 1605 kulikuwa na njama ya kulipua bunge London pamoja na Mfalme James, na 1606 padri Mjesuiti Henry Garnet akashtakiwa na kunyongwa, kesi yake ikavuma kwa sababu ya ile elimu ya kujibu maneno yenye maana mbili ili usiseme uongo wala usitoe siri. Kwa hiyo wachawi wa Macbeth wanaongea lugha ambayo mji mzima ulikuwa unaiongelea.

Cha pili ni kile Shakespeare alichokibadilisha. Macbeth wa historia alimuua Duncan vitani mwaka 1040 akatawala hadi 1057. Shakespeare alisoma kitabu cha historia cha Holinshed, na ile habari ya mgeni kuuawa usingizini kwenye nyumba ya mwenyeji wake, mke akichochea, aliichukua kwenye kisa cha mfalme mwingine humo humo, mfalme Duff aliyeuawa na Donwald. Ukiweka hilo kwenye esei sema na sababu yake: vitani adui anaonekana ni adui. Alihitaji meza, divai, kitanda kilichotandikwa na mke anayetabasamu mlangoni. Na kwa Holinshed Banquo alishiriki njama, hapa kasafishwa, James alikuwa anajihesabu uzao wa Banquo, kwa hiyo hata mwandishi mwenyewe alikuwa na sura ya kuilinda mbele ya mfalme. Sentensi moja inatosha kwa hilo.

Hatua ya 10: Kuandika sasa

Aya ya ufunguzi iwe na ile sentensi ya hatua ya 4 na ianze ndani ya tamthilia. Kitu kama hiki:

*Duncan anaposema hakuna ufundi wa kuusoma moyo usoni, mtu atakayemuua anapita mlangoni. Shakespeare anampa mfalme kanuni sahihi na kumnyima muda wa kuitumia. Kuanzia hapo tamthilia inamfuata Macbeth akijifunza kuufanya uso wake useme uongo, mpaka siku anapowekewa ukweli mbele ya macho akashindwa kuusoma.*

Baada ya hapo aya za kati nne au tano zinatosha: 1.4 na 1.6 pamoja, kupishana kwa mke na mume, hotuba ya 2.3, picha za 4.1, kisha 4.3 na majani. Jambia na mzimu vipenyeze pale vinapokaa, historia iingie ndani ya aya ya 4.1 isisimame peke yake. Kwoti ziwe fupi, maneno matano sita, mara moja baada ya kwoti sema nani anajua na nani hajui. Ukimaliza pitia kila aya utafute neno "kumbe". Likiwa zaidi ya mara mbili kwenye esei nzima, ujue umerudi kwenye orodha, rudi aya hiyo uandike upya ukianza na "kwa sababu".

Kwenye chumba cha mtihani kama muda umekubana, kata 1.6 na mzimu. 4.3 usiikate.